Dawa ya minyoo shuleni bila kupima watoto: tukubali au tukatae?

Baba wa watatu, Ndosho
Mwanangu wa darasa la tatu kaleta karatasi kutoka shuleni hapa Goma: wiki ijayo wanafunzi wote watatafuna mebendazole, kidonge kimoja cha miligramu 500. Hakuna aliyeuliza nani ana minyoo na nani hana. Mimi nikiumwa tumbo natumwa kwanza kupima choo, ndipo napewa dawa. Mtoto je? Halafu choo cha shule hiyo hiyo mlango umeng'oka, shimo limejaa, watoto wanajisaidia nyuma ya ukuta. Nasema wazazi tukatae dawa mpaka choo kijengwe. Mnaonaje?

Muuguzi, Majengo
Papa, kuhusu choo tuko pamoja. Kuhusu dawa, hapana.

Kumpima kila mtoto kwa darubini ni ghali kuliko kidonge chenyewe, na kipimo kimoja kinaweza kukosa minyoo iliyomo. Kwa hiyo kinachopimwa ni eneo. OMS, Shirika la Afya Duniani, inasema hivi: watoto wenye minyoo wakifika 20 kwa 100, wote wapewe dawa mara moja kwa mwaka, wakizidi 50, mara mbili. Mebendazole huingia kidogo sana kwenye damu, kazi yake inaishia utumboni, ndiyo maana asiye na minyoo akiimeza haimdhuru.

Na msidhani minyoo ni jambo la kuchekea. Minyoo ya safura hunyonya damu ukutani mwa utumbo, mtoto anapauka, anasinzia darasani. Askaris, ule mnyoo mkubwa wa tumboni, nimemwona mwenyewe akitoka kwa kutapikwa, mweupe wa waridi, mrefu kuliko rula ya mwanafunzi, bado anajipinda kwenye beseni. Wakiwa wengi hujiviringa wakaziba utumbo, na hapo ni upasuaji.

Mama wa mboga, Birere
Jirani yangu mtoto wake alimeza, usiku tumbo likamkata, akatapika. Watu wakasema ni sumu. Halafu muganga, mimi nilishaambiwa nina amibe. Hiyo dawa ya shule inaondoa amibe pia?

Muuguzi, Majengo
Mama, mwenye minyoo mingi tumbo humsokota siku ya dawa, kwa kuwa minyoo inakufa na kutoka. Kwa kawaida hutulia yenyewe, ila mtoto akiendelea kutapika au tumbo likivimba, apelekwe kituo cha afya.

Amibe hapana. Amibe si mnyoo, ni kijidudu kisichoonekana kwa macho, dawa yake ni nyingine, kama metronidazole. Na hapa Goma kila tumbo likiuma ni amibe! Darubini kwa kawaida haiwezi kutenganisha amibe inayoleta ugonjwa na ndugu yake asiye na madhara, wanafanana kabisa. Wengi wanameza metronidazole bure.

Mwanafunzi wa uchumi, Himbi
Wakubwa, samahani, hata wataalamu hawajaelewana. Wachumi Miguel na Kremer walifuatilia shule 75 za Busia, Kenya, na mwaka 2004 wakaandika kwamba dawa ilipunguza utoro kwa robo, hata watoto wa jirani wasiomeza walifaidika. Wachambuzi wa Cochrane, mtandao unaopitia tafiti za tiba, wakajibu kwamba kugawia wote bila kupima hakubadilishi sana uzito, damu wala masomo. Kwa hiyo papa wa Ndosho hajauliza upuuzi.

Muuguzi, Majengo
Hajauliza upuuzi, kweli. Lakini hao wa Cochrane wanahesabu wenye minyoo na wasio nayo pamoja. Asiyekuwa nayo atanenepa kwa lipi? Kwa aliyethibitika kuwa nayo, wao wenyewe waliwahi kukiri kwamba dawa inaweza kumwongezea uzito.

Baba wa watatu, Ndosho
Sawa, ameze. Miezi michache baadaye anarudi nyuma ya ule ukuta, anakanyaga, anashika, anakula. Tumefanya nini?

Muuguzi, Majengo
Hapo umegusa penyewe. Askaris jike mmoja hutaga hadi mayai 200,000 kwa siku, na yai hukaa hai udongoni miaka. Bila choo, ndani ya mwaka maambukizi yanakaribia yalipokuwa. Lakini vidonge hivi kwa miaka mingi vimekuwa kwa sehemu kubwa msaada wa viwanda: mebendazole kutoka Johnson & Johnson, na albendazole, dawa nyingine ya minyoo, kutoka GSK. Ukivikataa hakuna atakayekupa saruji badala yake. Utabaki na shimo lililojaa na mtoto mwenye minyoo.

Fundi mwashi, Katoyi
Hilo shimo nalo mnalisema kama liko Masisi kwenye udongo. Huku ni lava, mawe ya volkano. Nyundo na mtalimbo, siku nzima, unapata kina cha goti. Mwaka 1994 kambi za wakimbizi wa Rwanda hapa zilishindwa kuchimba vyoo kwa sababu hiyo hiyo, kipindupindu kikaua watu kwa maelfu. Jengeni juu: tangi la mawe na saruji, ngazi, na mlango wa nyuma wa kutolea uchafu. Ugomvi wenu uwe ni nani atalipa kulitoa likijaa. Vyoo vingi vya shule hufia hapo.

Baba wa watatu, Ndosho
Basi nasaini karatasi, na kwenye kikao cha komite naleta hesabu ya tangi, ya kulitoa ikiwemo. Fundi, nitakutafuta.

Mama wa mboga, Birere
Muganga, wa kwangu ana miaka miwili na mkamwana ana mimba changa. Nao?

Muuguzi, Majengo
Wa miaka miwili kidonge kisagwe kwanza kichanganywe na maji, asije akapaliwa, na asilazimishwe kwa nguvu akilia. Mkamwana asubiri miezi mitatu ya kwanza ipite, kisha aulize kwenye kliniki ya wajawazito.