Jumapili naongoza kuabudu, Jumatatu napima na gorogoro iliyogongwa chini. Nishaurini

dera_ya_bluu

Bwana asifiwe wapendwa, na wale hamjaokoka pia habari zenu, nishaurini lakini msinitukane tafadhali.

Mimi nauza nafaka Eastlands hapa Nairobi, soko sitataja. Kibanda si changu, ni cha mama mmoja ambaye alinishika mkono nikitoka ushago, ananilipa mia tano kwa siku na chakula cha mchana juu yake, na kusema ukweli ni mtu mzuri, mtoto wangu akiugua naenda bila maneno mengi. Jumapili niko kwa timu ya kusifu na kuabudu kanisani kwetu, mara mbili kwa mwezi ni mimi nashika maiki.

Sasa. Gorogoro yetu, yaani mkebe wa kupimia nafaka, imegongwa chini. Mnajua vile hufanywa, ule mkebe wa mafuta wa kilo mbili unapinduliwa kitako kinapigwa na nyundo mpaka kinaingia ndani, halafu ukijaza ndengu juu inasimama kilima safi kastoma anafurahi, kumbe chini kuna kilima kingine kinaangalia juu. Mimi niliikuta hivyo. Gunia la kilo 90 linafaa kutoa gorogoro 45, letu linatoa 50, na hizo tano za juu mama huziita "za kodi". Nyayo (aina ya maharagwe) tukiuza 280 hiyo ni 1,400 kila gunia. Miaka miwili nimepima na sijawahi kukaa chini nikafikiria.

Alhamisi wiki jana akaja shosho mmoja, bibi mzee, na mkebe wake wa nyumbani, unajua tangu karatasi za plastiki zipigwe marufuku 2017 hawa wazee wengi hubeba vyombo vyao. Nikampimia maharagwe nikamwaga kwa mkebe wake. Ikabaki vidole viwili kufika mdomoni. Na mkebe ni ule ule, wa mafuta yale yale! Tukaangalia wote wawili. Nikangoja anitukane, ningependa hata angenitukana. Akasema, "Si wewe ndio yule msichana huimba pale mbele?" Nikasema ndio shosho. Akasema, "Unaimba vizuri," akafunika mkebe wake akaenda.

Jumapili nikapanda kuimba sauti ikakataa, nikasema ni homa.

Tangu hapo wazee na wamama wenye watoto nawaongezea ngumi moja hivi ya nafaka mwenye kibanda akiwa hayuko. Lakini hata hiyo inanisumbua kwa sababu mali si yangu, ni kama naiba huku nikirudisha kule. Niache kazi? Niache kuimba? Ama nanyamaza tu kama wengine?

Mkokoteni_Pro

Dada unajisumbua bure. Nairobi hii nani hajui gorogoro imebonyezwa? Muuzaji anajua, kastoma anajua, jirani anajua. Hiyo 280 ni bei ya hiyo gorogoro si ya ingine. Ukileta ya kilo mbili kamili lazima uuze 310, na watu watavuka hatua tatu waende kwa jirani wa 280. Hiyo si dhambi ni bei ya soko. Wewe imba.

seremala_wa_mtaa

@Mkokoteni_Pro kama kila mtu anajua, mbona hugongwa kwa chini, mbona isikatwe tu juu watu waone?

Mkokoteni_Pro

Haya hapo umenishika 😂 lakini bado kodi ya kibanda ni ile ile

Mwalimu_wa_Jioni

Mdogo wangu, fungua Amosi 8 kuanzia mstari wa 4, usome polepole, hao watu walikuwa wanauza nafaka kama wewe. Wanauliza mwezi mpya utaisha lini, sabato itaisha lini, tufungue ngano tupunguze efa tuongeze shekeli. Efa ndio ilikuwa gorogoro yao na shekeli ni ile mawe ya kupimia pesa, kwa hivyo walikuwa wanakula pande zote mbili, na mstari wa 6 wanachanganya hadi takataka za ngano wanauza, wale wa kuweka mawe kwa ndengu mjisikie hapo.

Lakini kitu ambacho kilinigonga mimi ni kwamba hawa watu walikuwa wanashika sabato! Hawakufungua duka. Walikuwa ibadani wamekaa vizuri, ila kichwani wanapiga hesabu. Na ni hawa hawa, sura ya 5 Mungu anawaambia waondoe kelele za nyimbo zao, hataki kusikia vinanda. Hakuna mahali amesema walikuwa wanaimba vibaya. Na aliyetumwa kuwaambia hakuwa mtoto wa nabii, alikuwa mtu wa mifugo na mikuyu kutoka Tekoa, mtu wa shamba, ambaye nina hakika aliwahi kupimiwa vibaya sokoni.

Kando kidogo: Malaki 3:10 ya fungu la kumi mimi huisikia karibu kila Jumapili. Malaki 3:5, mistari mitano tu juu yake, ya wanaomdhulumu kibarua mshahara wake na mjane na yatima, sijawahi kuisikia ikisomwa wakati wa sadaka. Basi tuachie hapo.

Kuhusu kuacha kazi, pole pole. Kibanda ukikiacha gorogoro itabaki, ni mkono tu utabadilika.

KondaMstaafu

Uzi umenifinya. Nilipiga konda miaka saba, na nilikuwa nimeokoka, na gari lilikuwa na maandishi ya Zaburi nyuma. Mtu akinipa soo (shilingi mia) ya nauli ya sitini nasema chenji utapata mbele, nikijua akilala anashuka bila. Mwisho wa siku hizo chenji zilizolala nilikuwa naita baraka. Ati baraka. Natoa hata shukrani kanisani. Sina ushauri dada, nimekuja tu kusema si wewe peke yako.

DukaLaKona

Wacha niongee kama mtu wa nafaka kwa sababu hapa naona mahubiri ni mengi. Mimi nilitupa gorogoro nikanunua mizani. Kwanza jua hata kisheria ule mkebe si kipimo, kuna sheria ya mizani na vipimo, sura ya 513, mizani yako inakaguliwa na kupigwa muhuri, na ukishikwa na kipimo cha uongo unashtakiwa wewe uliyekuwa unapima. Mama mwenye kibanda atakuwa nyumbani siku hiyo, mwambie hivyo, hiyo watu husikia haraka kuliko Amosi.

Pili usiuze "gorogoro kamili ya 310", hapo umekufa, mtu anaona 310 na 280 anakimbia. Uza kwa kilo. Nyayo kilo 155, andika kwa kadibodi kubwa. Hesabu ni ile ile kabisa, 280 kwa kilo 1.8 ndio hiyo 155, hujapandisha hata shilingi, umeacha tu kudanganya. Na watu wetu wengi hata hawanunui gorogoro nzima, ni uchumi wa kadogo, mtu anataka robo ama anakwambia nipimie ya mbao (shilingi ishirini), na kwa mizani hata wa mbao anapata haki yake.

Nilipoteza watu karibu mwezi mzima. Wamama walikuwa wanasema mizani ya stima huchezewa, na si uongo huwa inachezewa, ikabidi niweke pakiti ya unga ya kilo mbili pale juu mtu akitaka apime hiyo kwanza aone. Waliorudi ni wale wa vibanda vya chapo madondo (chapati na maharagwe), hao hununua kilo kumi na wanajua sufuria yao inajaa wapi. Sitakudanganya ati nimetajirika, jirani yangu wa gorogoro bado ananishinda Disemba. Lakini mtu akija na mkebe wake sigeuki kuangalia kando.

Ile ngumi unaongeza kwa siri acha. Huwezi kuwa mkarimu na mali ya mwenyewe.

mama_jumuiya

@DukaLaKona hapo kwa ngumi sikubaliani nawe ndugu yangu. Mtu amelipa kilo mbili akapewa kilo moja na nusu na kidogo, hicho kilichobaki ni chake, si mali ya mwenye kibanda. Huyo msichana haibi, anamalizia kupima.

Sisi Wakatoliki ukienda kitubio na jambo la wizi padri haishii kwa Salamu Maria tatu, anakuuliza umerudisha? Na usipomjua uliyemkosea basi unawapa maskini kile kiasi. Zakayo hakusema tu "nisamehe Bwana", alisema nusu ya mali kwa maskini na niliyemnyang'anya namrudishia mara nne, na hapo ndio Yesu akasema wokovu umefika nyumba hii. Wewe shosho unamjua. Anza na yeye.

DukaLaKona

@mama_jumuiya sawa mama nimesikia, lakini kama ni haki ya kastoma kwa nini anaipima mwenye kibanda akiwa hayuko? Na yule kijana asiye na mtoto mgongoni yeye haki yake iko wapi? Anachagua nani arudishiwe kwa kuangalia uso.

mama_jumuiya

Hiyo ya kijana nimekubali. Ya siri bado naifikiria.

Mjukuu_wa_Githongo

Guka yangu, yaani babu, aliokoka miaka ya 40 huko Murang'a, wakati wa ule uamsho uliotoka Gahini Rwanda miaka ya 1930 ukaja mpaka kwetu. Hao wazee ukisema umeokoka swali la kwanza ilikuwa, na vitu vya watu? Walikuwa wanaita kutembea nuruni. Guka alikuwa amefanya kibarua kwa shamba la mzungu akaondoka na jembe mbili. Baada ya kuokoka akazibeba akatembea nazo kuzirudisha, moja ilikuwa imeisha hadi imebaki kama kijiko. Mzungu akadhani ni mwendawazimu, akamwambia aende nazo. Guka akakataa akaziacha kwa lango.

Nyanya yetu alikuwa akisimulia hii kwa hasira, kwa sababu msimu huo walilima na jembe la kuazima. Kwa hivyo dada, hesabu gharama, na usiwafiche walio nyumbani kwako.

sauti_ya_tatu

Mimi pia ni mwimbaji, nijibu tu hiyo ya maiki. Watu hupenda kukwambia "shuka madhabahuni kwanza". Mathayo 5:23 na 24 inasema ukikumbuka ndugu yako ana neno juu yako acha sadaka yako mbele ya madhabahu, enda upatane naye, kisha urudi uitoe. Kisha urudi. Haisemi uende ukae nyumbani miezi sita ukijisikia mchafu. Ongea na kiongozi wa timu, mwambie unahitaji Jumapili moja ama mbili, na mwambie kwa nini, usiseme homa tena. Na hapa kusema kweli tunajua wote, kwenye timu zetu mtu akikosa mazoezi mara mbili anasimamishwa, lakini hakuna aliyewahi kuuliza mtu anafanya kazi gani na anaifanya vipi.

Mkokoteni_Pro

Dada usituache hivyo, rudi utuambie ilienda wapi. Mimi sijaokoka lakini nimekaa kwa huu uzi tangu asubuhi na mzigo wa watu uko Nyamakima unaningoja

dera_ya_bluu

Nimerudi, ni siku ya tisa leo. Asanteni wote, hata Mkokoteni.

Niliongea na mama. Nilingoja jioni tukifunga, nikamwambia yote, ya shosho na hata ya ngumi za siri. Hiyo ya ngumi ndio ilimkasirisha, ya gorogoro hakushtuka. Akaniambia, "Kwa hivyo umekuwa ukigawa maharagwe yangu uende mbinguni?" Sikuwa na jibu. DukaLaKona ulikuwa umesema ukweli. Nikamwambia akate kwa mshahara, akapiga hesabu kidole kwa kidole akakata siku mbili, nikakubali. Halafu nikamwambia ile ya sheria na muhuri na kwamba nitakayeshikwa ni mimi. Hapo akanyamaza kidogo. Hajakubali kutupa gorogoro. Alichosema ni kwamba ndengu na njahi niuze kwa kilo nijaribu mpaka mwisho wa mwezi, mizani nitafute mwenyewe, na nyayo ziendelee vile ziko kwa sababu nyayo ndio zinalipa kodi. Kwa hivyo niko nusu nusu. Nyayo sasa anapima mwenyewe, mimi nimekataa, akija kastoma wa nyayo namwita. Anaudhika lakini anakuja. Kila mtu sokoni ameanza kuniita Pasta, si kwa uzuri.

Mizani nimeazima kwa binamu yangu wa buchari mpaka nipate yangu. Ndengu siku tatu za kwanza hazikusonga kabisa. Jana kijana wa hoteli alichukua kilo nane. Tuone.

Kuimba nimeomba Jumapili mbili. Kiongozi aliniangalia sana, halafu akaniuliza polepole kama tunaweza kuongea baadaye, kwa sababu yeye huuza mafuta ya kupimwa.

Na shosho nilimtafuta. Nilinunua nyayo kilo moja na pesa yangu, kwa duka lingine lenye mizani, nikampelekea mpaka kwake, nikamwambia shosho ile siku ulipungukiwa nimekuja kurudisha. Akapokea, akaipima kwa mkono hivi juu chini, akaita mjukuu alete sufuria, akamwaga yote. Akaniombea vizuri sana mpaka nikalia kidogo. Nikasimama niende, nikafika mlangoni, akaniita.

"Na ya mwezi jana?"

Mkokoteni_Pro

😂😂😂 shosho hakusahau hata punje. Dada sasa kopa gunia zima