Naomba ushauri: hamu ya uandishi wa habari imeniisha

Habari zenu wakuu. Ni mwandishi wa habari Dodoma, mwaka wa 8 sasa. Sijaajiriwa, nalipwa kwa kila stori iliyotoka, na hela huchelewa hata miezi 3. Stashahada nilijisomesha kwa mkopo, baada ya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 kuleta sharti la waandishi kuwa na elimu hiyo.

Zamani niliamka saa kumi alfajiri niwahi basi la Kondoa kufuata habari ya kisima kilichokauka. Siku hizi ni semina na uzinduzi tu: nisikilize hotuba, nisaini posho ya nauli, nirudi kuandika "amesema", "amewataka", "ametoa wito".

Mwezi uliopita mama mmoja alinishika mkono nje ya ukumbi, akaomba niandike mgogoro wa shamba lake. Niliandika. Mhariri akaiweka kando, nami sikuuliza. Kutouliza kwangu ndiko kunakoninyima usingizi.

Kuna nafasi ya ofisa habari kwenye halmashauri moja. Mke wangu anasema niombe, tuna watoto wawili. Mliowahi kuhama, hamu ya kuandika ilirudi au ndiyo ilizikwa? Na mliobaki, mnajishikiliaje?