Mjadala: Mtoto wa aliyevuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji aandikishwe darasa la awali kabla wazazi hawajaonyesha karatasi?

Mwana Newala: Wadau, tangu vita vianze Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, Oktoba 2017, wapo waliovuka wakaja kwa ndugu zao huku. Wanaishi kimyakimya, wanapalilia mikorosho ya watu. Watoto wao hawaendi darasa la awali, mama anaogopa kuulizwa "wa wapi wewe?" Mimi nasema waandikishwe, karatasi zifuate.

Korosho Ghafi: Wewe huishi mtoni. Kitaya, kijiji cha huku mtoni, ilivamiwa Oktoba 2020, nyumba zikachomwa, watu wakafa. Mzazi aanze kwa mtendaji wa kijiji. Halafu darasa limejaa, na uji wa shule ni michango yetu.

Nesi Mstaafu: Mwanangu Korosho, Kitaya sijaisahau. Lakini mama anayemkwepa mtendaji anakwepa na kliniki. Mtoto hapimwi uzito, chanjo ya surua ya miezi 9 inampita, ya 18 nayo. Nimewaona: mama kajifungia ndani, anamnyamazisha mwanawe majirani wasisikie anaongea vipi. Mtoto wa miaka miwili, mitatu, ubongo wake ndio unakimbia kukua, na unakua kwa kusemeshwa, kuchezeshwa, kuitikiwa akilia. Mama anampenda, ila hofu ya kila siku imemmaliza, hana nguvu hata ya kumchekea. Wenzake nao wamekatazwa kucheza naye. Akifika darasa la kwanza mnasema mzito! Na Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumbagua mtoto hata kwa ukimbizi wake.

Korosho Ghafi: Shikamoo mama. Sheria sawa, uji analipa nani?

Mjukuu wa Rutamba: Niko Lindi. Babu alivuka wakati wa vita vya kumng'oa Mreno, akapokelewa kwenye makazi ya wakimbizi ya Rutamba, akapewa pa kulima. Mama yangu akasoma hapo. Leo tunalipa kodi kama nyie, ingawa timu yetu ikiwafunga tunageuka Wamawia, Wamakonde wa Msumbiji, ghafla.

Korosho Ghafi: Wale serikali iliwaandika, ndugu yangu. Hawa nani kawaandika?

Mwana Newala: Basi mwenyekiti wa kitongoji amtambue mtoto, aingie darasani siku hiyohiyo. Wazazi wahojiwe kivyao. Asiye na hela ya uji alete kuni au ashike zamu ya kupika.

Korosho Ghafi: Zamu ya kupika nakubali. Kwa mtendaji lazima wafike, tena ndani ya wiki.

Nesi Mstaafu: Wiki sawa. Ila mama asiende peke yake, nitamsindikiza, na kadi ya kliniki tuipitie njiani.