UKOO WETU TABATA NA KWINGINEKO: siku Dula alipomwaga maji ya Vitz

*Jumamosi*

07:14 Dula: Asalaam aleikum ukoo, shikamooni wakubwa wote. Leo siendi popote, namwaga maji yote ya rejeta (ile inayopoza maji ya injini) ya kavitz kangu naweka kulanti mpya, yaani dawa ya maji ya rejeta, mwenyewe, hapa hapa uani. Jana tena kwenye foleni ya Mandela pale relini kitaa chekundu cha injini kuchemka kikawaka nikapaki pembeni nusu saa kama muuza mahindi

07:16 Dada Asha: Marahaba fundi 😂😂 wewe uliyeshindwa kufunga koki ya sinki

07:17 Dula: ile koki ilikuwa mbovu toka dukani

07:21 Shemeji Gody: Pole shem. Ila usiguse mfuniko wa rejeta kama gari imewashwa asubuhi hii. Mimi mkono huu mnaouona una kovu nililipata Chalinze, nilikunja kanga ya mke wangu mara tatu nikazungusha mfuniko kidogo tu, maji yakaruka mpaka kwenye boneti. Yale maji mle ndani yamebanwa na presha yanapita nyuzi 100 bila kuchemka, ukifungua presha inaondoka yanachemka yote kwa mpigo

07:22 Dada Asha: na kanga yangu haikurudi

07:24 Dula: Gari imelala toka jana saa 2 usiku imepoa kama mtungi. Swali langu wakubwa, nimenunua kulanti dumu la lita 4 la rangi ya pinki, halafu ile iliyomo mle ndani ni kama kijani kijani imechanganyika na kutu, zinaendana?

07:31 Mjomba Rashidi: Marahaba wanangu. Dula hebu tulia kwanza kabla hujashika spana. Iyo iliyomo ndani nani aliiweka na aliweka nini

07:33 Dula: Fundi wa chini ya mwembe mwaka juzi mjomba. Aliweka kulanti kidogo halafu akanambia ikipungua naongeza maji. Nimekuwa naongeza maji ya kisima cha huku kwetu

07:34 Mjomba Rashidi: Kisima cha huko Tabata yale ya chumvi?

07:34 Dula: Yale yale 🙈

07:35 Binamu Suma: yale ambayo ukioga nayo sabuni haitoi povu 😂 umemnywesha Vitz maji ya bahari

07:42 Mjomba Rashidi: Sasa hapo ndo penye ugonjwa. Mimi nimeendesha lori barabara ya Tunduma miaka mingi nimepanda Kitonga na mizigo ya kila aina na nakwambia gari haifi kwa mlima inakufa kwa maji. Maji ya chumvi yakichemka yanaacha ukoko kama ule wa kwenye birika la mama yako, ukoko unaganda kwenye vile vitundu vyembamba vya rejeta, maji hayapiti, joto halitoki. Halafu rejeta ya siku hizi ni aluminiamu na chumvi inaila aluminiamu kama mchwa. Kulanti kazi yake siyo kupoza peke yake, ina dawa ya kuzuia kutu ndani ya injini na kwenye wotapampu inayozungusha maji, na iyo dawa inaisha nguvu hata kama rangi bado inang'aa

07:44 Mjomba Rashidi: Kuhusu rangi usidanganyike. Rangi ni ya kiwanda tu, kuna pinki ya huyu na pinki ya yule hazifanani dawa. Zikichanganyika vibaya zinaweza kuganda kama uji. Ndo maana unatoa yote unasuuza mpaka yatoke maji meupe ndo unaweka mpya

07:46 Dula: Sawa mjomba. Kwa hiyo naanza

07:47 Mjomba Rashidi: Bado. Vuta kijiti cha oili unitumie picha

07:55 Dula: [picha]

07:56 Mjomba Rashidi: Nyeusi, safi. Ingekuwa rangi ya chai ya maziwa ningekwambia funga boneti upeleke gereji, maana yake gasketi ya silinda hedi imekata maji yanaingia kwenye oili, na hapo hata umwage kulanti ya dhahabu haisaidii

08:20 Dula: Nimelala chini ya gari. Kuna nati ya plastiki pale chini ya rejeta upande wa abiria, naizungusha kwa mkono au plaizi

08:22 Shemeji Gody: Mkono! Iyo plastiki imekauka kwa joto ukiipiga plaizi inabaki nusu ndani. Weka beseni chini, fungua taratibu, halafu ukifungua mfuniko wa juu ndo yatatoka kwa kasi

08:41 Dula: [picha]

08:41 Dula: Oneni wenyewe. Kama supu ya mchicha

08:43 Binamu Suma: Yallah 🤢

08:44 Mama: Abdallah

08:44 Mama: Hilo beseni la bluu

08:45 Dula: Shikamoo mama

08:45 Mama: Hilo beseni mi naoshea mchele

08:46 Dada Asha: 💀💀💀

08:46 Dula: Mama nitaliosha na sabuni

08:48 Shemeji Gody: Hapana shem hapo nipo upande wa mama. Kulanti ni sumu kweli kweli, glaikoli iliyomo ni tamu, paka akilamba kidogo figo zinakufa, na mtoto vile vile. Usiioshe, beseni hilo sasa ni la gereji milele, kamnunulie mama jingine

08:50 Mama: Tena yale makubwa ya pale sokoni. Na kuku wangu wamefungiwa? Usinimwagie hayo maji uani

08:52 Dula: Nimewafungia mama. Maji nayatia kwenye dumu la mafuta ya kula lililoisha nalifunga mfuniko naandika SUMU kwa maka peni

08:53 Mjomba Rashidi: Na mtaroni usimwage. Dumu litapelekwa gereji kubwa wenye pa kuhifadhia. Imetoka kiasi gani

08:57 Dula: Nimepima kwa jagi, kama lita 3

08:58 Mjomba Rashidi: Basi ndani imebaki. Injini haitoi yote kwa rejeta, nyingine inakaa kwenye bloku ya injini na kwenye hita ya kupasha joto ndani ya gari. Kumbuka hilo nitalirudia. Sasa nijibu swali moja la msingi. Ukiwasha gari asubuhi kile kitaa cha bluu cha injini ya baridi kinazima baada ya dakika ngapi

09:01 Dula: Ah hicho mjomba mi nilishazoea, kinakaa mpaka nikaribie Ubungo Riverside. Siku barabara nyeupe haina foleni hakizimi kabisa

09:03 Mjomba Rashidi: Ubungo!!

09:03 Mjomba Rashidi: Dula gari lako halina themostati

09:04 Dula: Haiwezekani, si lingekuwa halichemshi. Fundi alisema akiitoa maji yanapita vizuri zaidi

09:04 Dula: ngoja

09:05 Dula: oooh

09:05 Binamu Suma: amejikumbuka 😂

09:06 Shemeji Gody: "Alisema akiitoa" 😭

09:15 Mjomba Rashidi: Hii ndo kansa ya mafundi wetu nami sitachoka kuisema. Gari likichemsha la kwanza ni kung'oa themostati wakisema huku kwetu joto haina kazi. Themostati ni mlango. Injini ikiwa ya baridi mlango umefungwa maji yanazunguka ndani tu ili ipate moto haraka, ikifika kama nyuzi 82 (utaiona namba imegongwa pale pale kwenye themostati) mlango unafunguka maji yanakwenda rejeta. Ukiutoa injini inakimbia ya baridi barabara nyeupe, kompyuta ya gari inadhani bado asubuhi inamwaga petroli nyingi. Ndo maana ulilalamika hapa mwezi uliopita kwamba kavitz kanakunywa kama Kruza

09:17 Mjomba Rashidi: Na ya pili hii wengi hawaijui. Kwenye injini nyingi za siku hizi themostati ina kisahani cha nyuma, ikifunguka kwenda rejeta kile kisahani kinaziba njia ya mkato. Ukiing'oa njia ya mkato inabaki wazi muda wote, sehemu ya maji ya moto yanazunguka kwenye injini bila kuiona rejeta. Kwa hiyo kwenye foleni linachemsha, barabara nyeupe linapoa kupita kiasi. Fundi alikupa magonjwa mawili kwa bei ya moja

09:19 Dula: Daah. Na nilimpa hela ya soda juu

09:20 Dada Asha: mimi nasoma tu hapa nimeacha vitumbua vinaungua

09:24 Shemeji Gody: Nipo Ilala shem nimekuja kutafuta shokamzoba zangu, nikuchukulie themostati na gasketi yake? Nitumie picha ya kadi ya gari na namba ya injini, zipo za elfu kumi zipo za elfu arobaini

09:25 Mjomba Rashidi: Ya elfu kumi mwachie mwenyewe. Na mfuniko wa rejeta mpya pia, wa presha ile ile iliyoandikwa kwenye wa zamani. Mpira wake ukichoka presha haikai maji yanachemka mapema

10:05 Dula: Wakati namsubiri shemeji nimejaza maji safi nimewasha dakika kumi nimezima nimesubiri imepoa nimemwaga. Bado kama chai. Narudia

11:30 Dula: Mara ya tatu. Kama maji ya limau sasa

11:32 Binamu Suma: kunywa basi

11:32 Mama: We Sumaiya!

12:18 Dula: Mara ya nne meupe kabisa. Na hapa nimeona majani na matope yamejaa kati ya rejeta na ile ya AC, nimepiga maji kwa mpira kutoka upande wa injini kuja mbele, taratibu nisije nikakunja zile bati

12:20 Mjomba Rashidi: Hapo umefanya la maana kuliko yote ya leo. Ulikuwa unasuuza na maji gani

12:21 Dula: Ya bomba, DAWASA walileta asubuhi

12:22 Mjomba Rashidi: Ya kusuuza sawa. Mara ya mwisho suuza na yale ya chupa yaliyochujwa chumvi, wanayouza ya kuongezea betri. ANGALIA isiwe ile yenye tindikali. Muulize muuzaji mara mbili, soma na chupa

13:10 Shemeji Gody: Nimefika Tabata na themostati. Mama shikamoo naomba maji ya kunywa, siyo ya beseni

13:11 Mama: Marahaba baba karibu, pilau ipo

14:02 Dula: Themostati imeingia, kale katundu kadogo kenye kinati tumekaweka juu kama shemeji alivyosema hewa ipitie hapo. Sasa nijaze kulanti. Si bora niweke kavu bila maji iwe na nguvu zaidi?

14:05 Mjomba Rashidi: HAPANA. Kulanti kavu inabeba joto vibaya kuliko maji. Maji ndo mbebaji, kulanti ni mlinzi. Dumu lako limeandikwa ni ya kuchanganya au tayari imeshachanganywa

14:07 Dula: Imeandikwa nusu kwa nusu, tayari

14:10 Mjomba Rashidi: Sasa ndo lile nililosema nitalirudia. Ndani kuna lita nzima na ushee ya maji ya kusuuzia yamebaki. Ukimwaga juu yake iliyochanganywa inakuwa nyepesi zaidi ya nusu. Ndo maana ukisuuza unanunua ile kavu, unaweka kavu kwanza nusu ya ujazo wa mfumo mzima kama kitabu kinavyosema, nafasi iliyobaki unamalizia na maji, hakuna hesabu ngumu

14:12 Shemeji Gody: Mjomba nusu kwa nusu haina maana sana kwa Dar, ile inazuia kuganda mpaka nyuzi 37 chini ya sifuri, labda aende kupaki Ulaya

14:14 Mjomba Rashidi: Kuganda kweli hatuna shida, lakini ikiwa nyepesi mno dawa ya kutu inakuwa pungufu, na kutu ndo adui yetu hapa. Fungueni mpira wa chini wa rejeta mmwage yanayotoka, inueni pua ya gari kidogo, ndo muweke. Safari ijayo mnunue kavu

14:50 Dula: Imeingia lita 3 na nusu kutoka dumuni. Sasa?

14:52 Shemeji Gody: Ninamwambia awashe hita joto la mwisho, feni ndogo. Mfuniko wazi

14:53 Dada Asha: hita Dar es Salaam mwezi huu? 😂

14:54 Dula: Kweli dada hiki kitu sijawahi kukigusa toka ninunue gari. Imetoa vumbi na mdudu aliyekauka

14:55 Mjomba Rashidi: Lengo ni maji yazunguke mpaka kwenye hita hewa isibaki imejificha. Hewa ikibaki ndani injini inachemka sehemu moja na mshale au taa haikwambii. Binya mpira wa juu wa rejeta kwa kitambaa uone mapovu yanatoka, ukiona yameshuka ongeza

15:12 Dula: Mapovu yametoka mengi, yakashuka nikaongeza, sasa yametulia. Mpira wa juu ulikuwa wa baridi GHAFLA umekuwa wa moto!

15:12 Mjomba Rashidi: Ndo mlango umefunguka. Funga mfuniko

15:13 Dula: Na kile kitaa cha bluu kimezima. Gari imesimama hapa hapa uani kimezima 😭

15:14 Mjomba Rashidi: Subiri feni ya rejeta iwake na izime yenyewe mara mbili. Ikiwaka na kuzima ndo tutakula hilo pilau

15:24 Dula: Imewaka... imezima

15:31 Dula: Imewaka tena. Imezima tena

15:32 Mama: Pilau inapoa

15:33 Mjomba Rashidi: Kesho asubuhi kabla ya kuwasha angalia kopo la akiba la kulanti, liwe kati ya mistari miwili. Litakuwa limeshuka, usishtuke, ni hewa iliyobaki imetoka na rejeta imevuta ya kwake

*Jumapili*

06:40 Dula: Mjomba shikamoo. Limeshuka vidole viwili, nimeongeza ile iliyobaki dumuni

06:58 Mjomba Rashidi: Marahaba. Chini ya gari pakavu?

07:01 Dula: Pakavu kabisa. Nimeweka kadibodi usiku kucha halina hata tone

07:03 Mjomba Rashidi: Haya zunguka mpaka Buguruni urudi na foleni yake

09:26 Dula: Nimerudi. Foleni ya mataa dakika 25, AC imewashwa, hakuna taa yoyote. Nimepita sokoni pia

09:27 Dula: [picha]

09:29 Mama: Mbona la kijani