Shafti za mbele za Probox: naweza kubadilisha mwenyewe uani?

Probox_Kisauni

Assalaam aleikum wenzangu. Nina Toyota Probox ya 2008, injini ya 1500, otomatiki. Kila alfajiri napakia viazi na vitunguu soko la Kongowea, Mombasa, nawapelekea wateja hadi Mtwapa. Wiki ya pili sasa, nikikata kona kushoto huku nimekanyaga mafuta, upande wa kulia unalia ta-ta-ta-ta. Nimeinama nikaona buti (mfuko wa raba) la jointi ya nje, kile kiungo cha shafti upande wa gurudumu, limepasuka, grisi imerukia rimu yote kwa ndani. La kushoto nalo lina nyufa.

Nataka nibadilishe shafti zote mbili, zile fito zinazotoa nguvu gia boksi kupeleka magurudumuni, mwenyewe, na si kwa ajili ya pesa tu. Mwaka jana gereji moja ilinitilia shafti ya kushoto, wakaichana sili ya gia boksi, ile ringi ya raba inayozuia oili. Oili ikavuja siku tatu bila mimi kujua, mpaka napanda daraja la Nyali na mzigo, injini inanguruma gari haliendi. Gari hili ndilo linalolisha watoto wangu. Nataka nijue kwa mkono wangu kilichofungwa na kilichokazwa. Nina jeki moja, boksi la spana, na mpwa wangu wa kunishikia. Uani kwetu ni mchanga mtupu. Nianzie wapi?

Teksi_Likoni

Waaleikum salaam. Hiyo ni jointi ya nje ya kulia, haina ubishi. Ingekuwa ya ndani, gari lingetetemeka ukiongeza mwendo barabara ikiwa imenyooka. Na ingekuwa bearing ya gurudumu ungesikia mvumo usiokoma. Buti ukiliwahi kabla jointi haijaanza kulia, unaosha, unatia grisi mpya na buti jipya, basi. Ikishalia, vyuma vimekwisha kulana. Ya kushoto ifungue uitazame kabla hujanunua nyingine.

Mzee_wa_Bamburi

Mwanangu, kazi hii nimeifanya uani kwangu mara nne, magari yangu na ya wanangu. Unaiweza. Nisikilize mambo ya hatari kwanza.

Mchanga. Jeki itazama na gari litalala ubavu. Tafuta vipande viwili vya mbao nene za ujenzi uweke chini ya jeki, na ukope stendi mbili za chuma. Usiingize hata mkono chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake, wala usikubali kijana aingie.

Nati kubwa ya katikati ya habu (kitovu cha gurudumu) ni spana ya boksi namba 30. Ukingo wake umepigwa tindo ukabonyea ndani ya mfereji wa shafti. Uinue kwanza huo ukingo, la sivyo utakwangua nyuzi. Hapa kwetu chumvi ya bahari haimwachi mtu: jioni ya kuamkia kazi, mwagia nati na bolti zote mafuta ya kulegezea kutu. Asubuhi ilegeze nati hiyo gari likiwa bado chini kwa magurudumu yake, mpwa wako amekanyaga breki. Tia paipu refu kwenye mpini, usimame imara, sukuma polepole. Ukishainua gari, gurudumu litazunguka tu nawe.

Ukishaachanisha boli jointi ya chini (kiungo kinachoshika habu kwa chini), vuta habu nje, shafti ichomoke. Ikikataa, irudishe nati ya zamani nyuzi chache, uweke kipande cha mbao, ndipo ugonge. Nyundo isiguse nyuzi za shafti.

Sasa upande wa gia boksi, pale walipokuumiza. Usivute kwa kushika fito ya katikati ya shafti. Jointi ya ndani itaachana humo humo ndani ya buti lake. Ingiza mtaimbo mdogo kati ya gia boksi na kikombe cha jointi, utikise mara moja, kitatoka. Weka beseni, oili itamwagika. Pima iliyotoka ili ujue utakayorudisha. Sili badilisha papo hapo, ni kitu kidogo cha bei ndogo. Ipake oili mdomoni. Shafti mpya ibebe kwa mikono miwili iingie sawasawa katikati, meno yake yasiuguse ule mdomo wa raba. Hapo ndipo sili huchanika, mtu akiingiza shafti imening'inia kwa sababu ana haraka. Kuna ringi ndogo ya waya kwenye ncha: uwazi wake uelekee chini, kisha sukuma kwa nguvu mpaka usikie "kach". Vuta kikombe kwa mkono. Kikirudi, hakijaingia.

Nati ya habu nunua mpya. Toyota nyingi za ukubwa huo ni Nm 216, hakikisha kwenye kitabu cha gari lako, na ukope spana ya kupimia nguvu ya kukaza. Usikisie. Kisha piga ukingo na tindo. Na gari lisisukumwe hata hatua moja habu ikiwa haina shafti iliyokazwa, utaua bearing.

Mama_Vitz_Mikindani

Shikamoo Mzee. Kwangu boli jointi ilikataa kabisa kwa kutu, nikafungua zile bolti mbili za shoki badala yake. Weka alama ya rangi kabla hujalegeza, ndugu yangu, gurudumu lirudi kwenye mlalo wake. Na waya wa ABS (wa breki) utoe kwenye klipu mapema, wangu ulikatika.

Mzee_wa_Bamburi

Marahaba mwanangu. Njia hiyo inafaa, ila apeleke gari likapimwe wili alaimenti (unyoofu wa magurudumu) baadaye.

Probox_Kisauni

Wenzangu, nimemaliza Jumapili. Nilianza baada ya swala ya alfajiri, adhuhuri gari liko chini. Nati ya kulia ilitaka paipu la mita moja na watu wawili. Ile sili iliyochanwa mwaka jana, niliyokuwa nimeiweka, niliitoa nikaitazama juani: mdomo umekatwa kama kwa wembe, urefu wa ukucha. Ya kushoto jointi ilikuwa nzima, nimeiosha, nimetia grisi na buti jipya, kwa hiyo nimenunua shafti moja tu, iliyotumika kutoka Japani. Oili nimerudisha ileile kiasi, nikapima kwa kijiti injini ikiwa moto inanguruma. Leo nimekwenda Mtwapa na magunia sita, nimekata kona zote nimefungua dirisha. Kimya. Nimelaza katoni chini ya gia boksi tangu jana usiku, asubuhi ni kavu.

Mzee, spana yako ya kupimia niliyoikopa nakuletea kesho Bamburi, na kapu la viazi.