Miezi mitano sasa nalipia mtandao wa kijamii, wateja bado wananiambia "nitumie WhatsApp"

Wakuu, mods naomba uzi huu msiuunganishe na ule wa matapeli. Hawa wenye mtandao si matapeli, wamesajiliwa na ofisi wanayo. Ndiyo maana nina hasira zaidi.

Nauza vitenge Kariakoo, upande wa Mtaa wa Kongo. Akaunti yangu kwenye mtandao mmoja mkubwa wa bure ilifungwa ghafla, wafuasi elfu tisa wakayeyuka, na hakuna wa kumpigia simu. Akapita kijana dukani kavaa fulana ya kampuni, akanipa habari za mtandao wao mdogo wa wafanyabiashara: buku tano kwa mwezi, matangazo hakuna, taarifa zako haziuzwi, ukikwama unapiga simu inapokelewa. Nikaona hapa ndipo penyewe. Nikamlipia na wife.

Juzi nimeweka picha 14 za mzigo mpya. Like tatu! Moja ya wenye mtandao ("Karibu mjasiriamali!"), moja ya jamaa wa duka la tatu kutoka langu anayechungulia bei, na moja ya wife, yaani nimejilipia mwenyewe. Mama mmoja wa Mbagala nikamtumia linki, akajibu: "Kaka, mpaka nilipie? Nitumie tu WhatsApp." Simlaumu. Kifurushi chake ni cha mitandao ya kijamii, na huu wetu humo haumo. Mimi mwenyewe nalipa ada, halafu bando la kawaida juu yake.

Yule kijana nikamweleza, akasema eti Marekani watu wanalipia. Mdogo wangu, App.net, mtandao wa kijamii wa kulipia, ilianza hukohuko 2012 na maneno hayohayo, lipa ili tusikuuze kwa watangazaji, dola 50 kwa mwaka, tena kwa watu wenye hela zao. 2017 ikafungwa. Hata WhatsApp ilikuwa na ada yake ya karibu dola moja kwa mwaka. 2016 wakaifuta, Facebook walishainunua miaka miwili nyuma, dola yako na yangu wala hawaihitaji.

Sasa mtu wa hivyo utamshinda kwa bei? Na msije hapa na ile ya "Wabongo wabahili". Mtaani kwetu tunatoa elfu 10 ya kikoba kila Jumamosi bila kuguna, kwa sababu mshika pesa tunamjua na ukifiwa wanafika. Hawa walikuwa na silaha moja tu: simu inayopokelewa. Nimepiga mara sita, inaita mpaka inakata. Ya saba ikapokea mashine, ikasema kwa huduma ya haraka tuwasiliane nao WhatsApp.

WhatsApp, wakuu!

Tarehe 5 wanakata tena. Kitufe cha kujitoa nimekitafuta tangu jana usiku sijakiona. Mwenye kujua namna ya kusitisha haya makato anielekeze hapahapa, PM yangu imejaa.