Usiku Mtakatifu na pilau ya Krismasi, vilitufikiaje?

BintiMarangu
Wadau habari zenu. Jana nipo jikoni nachambua mchele, redioni wakapiga Usiku Mtakatifu, mwanangu wa miaka 9 akaniuliza mama huu wimbo ni wa Wachagga? Na kwanini sisi Krismasi ni pilau wakati bibi anapika machalari ya ndizi na nyama? Nikamwambia ndo tulivyokuta, ila hilo si jibu kabisa. Tarehe 22 tunapanda basi kwenda nyumbani na najua njia nzima ataniuliza tena, anayejua anisaidie.

MzeeWaKwaya
Dada la wimbo niachie mimi, nimeimba besi usharikani miaka mingi. Maneno aliandika padri kijana wa Austria, Joseph Mohr, mwaka 1816, miaka miwili baadae akamwomba mwalimu wa shule Franz Xaver Gruber amtungie sauti, na usiku wa 24 Desemba 1818 wakauimba kwa gitaa kanisani Oberndorf, karibu na Salzburg. Gitaa tu! Kile kisa kwamba panya walitafuna kinanda ndo maana wakatumia gitaa msikiseme kwa watoto, hakina ushahidi. Sisi Walutheri wa Kilimanjaro nyimbo za Kijerumani tumezipata kwa wamisionari wa Leipzig walioanzia Machame 1893. Marehemu mama aliuimba kwa Kimachame huku anamenya ndizi, mpaka leo nikiusikia namuona yeye, simuoni Mjerumani.

MpishiTanga
Pilau ni ya kwetu pwani lakini na sisi tuliipokea, jina lenyewe limetoka kwa Waajemi na Wahindi waliokuja kufanya biashara kwa majahazi. Hata karafuu asili yake ni visiwa vya Maluku huko Indonesia. Kwetu ni chakula cha Idi, harusi na Maulidi, na tangu nakua Idi nilikuwa natumwa na sahani imefunikwa kawa nipeleke kwa jirani Mkristo, Krismasi sahani inarudi na pilau ya kwake. Kitunguu kikaange mpaka kiwe kahawia kabisa, rangi inatoka hapo, si kwenye viungo vya pakti.

NdiziMshale
Niongezee, uchagani mchele ulikuwa wa kununua, ndizi unakata nyuma ya nyumba, ndo maana wali ukawa chakula cha siku kubwa. Lakini jamani machalari yasife, naumia nikiona kijana anafika Kibosho anaulizia pilau tu. Na ndizi nazo zilitoka Asia zamani sana, mwambie mtoto na hilo.

BintiMarangu
Asanteni sana, nimemsomea yote. Kasema tarehe 25 pilau, 26 machalari na yeye ndo atamenya ndizi, na bibi atamfundisha huo wimbo kwa Kichagga. Sasa nauliza, nyama ya machalari mnaichemsha kwanza au mnaweka pamoja na ndizi?

NdiziMshale
Chemsha kwanza mpaka ilainike, ndizi zinawahi kuiva.